Watoto wa Sangala Katika Majani ya Ubwari

Kuna siku moja, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Kabla hujashuka ziwani, keti kwanza uisikie.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikimbia mji wa Baraka kwa mitumbwi, tukavuka kwenda rasi ya Ubwari, kwa mama yetu mzazi. Mtumbwi aliopanda Etabo, mtoto wa kaka yangu Asukulu, ulipinduka katikati ya masasi ya bunduki na vilio. Etabo hakuonekana tena. Siku zilizofuata ziwa lilituletea nguo ufukweni: shati, kitenge, kiatu cha mtoto, na hakuna aliyethubutu kuviokota. Watu wakaacha kula samaki. Walisema sangala, wale samaki wakubwa wa ziwa letu, wamekula wafu, wamenenepa, sasa wanawangojea walio hai. Weh, hata mimi niliamini! Nilikuwa nachota maji huku nimegeuza uso.

Karibu na kwa mama kulikuwa na ghuba ndogo yenye majani marefu chini ya maji. Humo watoto wa sangala hujificha mpaka wapate nguvu za kwenda kwenye kina. Tangu zamani, mwenye mtumbwi akifika pale huinua kafi, hunyamaza, akauacha mtumbwi uteleze wenyewe. Lakini siku zile kimya kile kilitisha. Upepo hakuna, na majani yanatikisika. Mlangoni mwa ghuba alikuwa anasimama sangala mmoja mkubwa, mrefu kuliko mtoto wa shule, mdomo wazi, anaangalia upande wetu.

Asukulu alimwona kila asubuhi. Akaacha kulala, akaacha hata kuongea na mke wake. Mwishowe akamtega kwa ndoana, akamvuta mpaka mchangani, akampiga rungu. Kisha akachukua wavu alioushona kwa mustikere, vile vyandarua vya mbu, akaelekea kwenye majani.

"Nitabamaliza bote, mpaka na batoto," alisema. "Bao balimaliza mutoto wangu."

Kumbe Mama alikwisha kuingia majini. Alisimama katikati ya majani, maji kifuani, kitenge kinaelea kumzunguka, na visamaki vile vyembamba vinapita kati ya vidole vyake bila woga. Nywele zilinisimama, mwanangu. Nilidhani ziwa limemchukua na yeye.

"Asukulu, unazani mutoto iko mu tumbo ya ile samaki?" akasema. "Pasua. Pasua tuone shiye bote."

Asukulu akarudi mchangani, akapasua. Tumboni mlikuwa na ndakala, dagaa wale wale tunaokula sisi, na mayai mengi ya manjano. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatafuta, akatafuta tena, kama mtu aliyeangusha ufunguo gizani. Hakuna kitu. Hata kifungo cha shati.

"Sasa mutoto wangu iko wapi, Mama?"

"Sijui. Mi pia namutafuta. Kila asubuhi nakuya hapa, naita jina yake. Lakini usimutafute mu batoto ba bengine."

Ndipo kaka yangu alipolia, mara ya kwanza tangu tuvuke. Alilia mpaka sauti ikamkauka, mikono imejaa mayai. Etabo hatukumpata, hata kaburi hana, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Lakini njaa ilipotukaba baadaye, samaki waliotulisha walitoka katika majani yale. Na Asukulu ndiye aliyekuwa akiwafukuza wenye mustikere, kwa matusi ambayo sitayarudia mbele yako.

Basi sikia. Ukiwa na uchungu utatafuta wa kumlaumu, na utamchagua asiyeweza kujitetea. Sangala anatisha, sikatai. Ana macho mabaya yule. Lakini bunduki hakuishika, na mtumbwi hakuupindua. Usimuue kwa sababu ya maneno ya watu. Chandarua ni cha kulalia. Mahali sangala anapolelea watoto wake usipakokote wavu, usipang'oe majani, usimruhusu rafiki yako apachezee, maana ukimaliza watoto wa leo, kesho utavua maji matupu na wanao watakuangalia.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde juu ya maji na nchi kavu. Akupe watoto, na siku utakayosimama ufukweni uite jina la mmoja wao, aitike.