Uzi wa Kungoja Korongo

Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ilipowasaka waliokula kiapo, nilitaka kitu kimoja tu: kuendesha lori. Hata nikimwagilia kabichi kando ya mto wa Ruiru, mguu wangu wa kushoto ulikuwa unakanyaga klachi ambayo haipo. Kutulia sikuweza.

Mwenye shamba alikuwa mama mzee Mbulgaria. Sisi wafanyakazi tulimwita Cucu, kama tunavyowaita nyanya zetu, naye aliitika. Alinisimulia jinsi babu zake walivyowatoroka Waturuki, wakahamia milki ya mfalme wa Urusi. Huko walipewa nyika tupu, wakaigeuza bustani.

"Na hiyo nyika haikuwa na wenyewe?" nikamwuliza.

"Walisema haina." Akaziangalia kabichi zake. "Siku zote wanasema hivyo."

Machi mosi akanifunga uzi mkononi, mwekundu na mweupe umesokotwa. Ndiyo desturi yao: unauvaa mpaka umwone korongo wa kwanza, halafu unautundika kwenye mti wa matunda. Ukiukata mapema, umekata bahati yako.

"Wewe na miguu hiyo," akacheka, "utafika mbali."

Nilifika kwenye kizuizi cha barabarani tu. Askari akaushika mkono wangu.

"Hiki ni kiapo gani?"

"Si kiapo, afande. Nimefungwa huu uzi na Cucu."

"Ala! Na huyo Cucu yako amelisha wangapi kiapo?"

Nikakalishwa vumbini, mikono kichwani, kungoja lori la kupeleka watu kambi ya kizuizi. Lori nililolitamani, si lile! Mwenzangu wa shambani niliyekuwa naye akakimbia kumwita Cucu. Akaja anahema, gambuti zake miguuni, akakunja mkono wa sweta. Naye alikuwa na uzi.

"Haya, nikamate na mimi."

Askari akajikuna shingo. "Memsahib, ukate tu wa huyu, aende zake."

Akatoa kisu cha kuvunia sukuma wiki. Akakata wake kwanza, ndipo akakata wangu.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na daraja nikaona ndege wakubwa weupe, ncha za mbawa nyeusi, wanazunguka juu wakielekea kaskazini.

"Cucu, korongo!"

Alitazama mpaka wakapotea. "Wanakwenda kwetu."

"Kwenu Urusi ama Bulgaria?"

"Mtoto wangu, hata sijui tena."

Nikazitoa mfukoni nyuzi zote mbili. Nilikuwa nimeziokota kule vumbini. Tukazifunga kwenye mpera wake. Yeye alikawia akikaza fundo. Mimi mguu wa kushoto ulishakanyaga klachi.