Kiganja Alichokilamba Bingwa

Mimi ni mtu wa kushuku. Miaka ya kulinda magorofa ya Joubert Park ilinifundisha kwamba anayekuchekea mno ana jambo. Kwa hiyo mwaka 2016, nilipopata kazi ya kutunza farasi wa mbio kusini mwa Johannesburg, nilimtilia shaka kila mtu isipokuwa farasi mwenyewe.

Alikuwa jike wa rangi ya kahawia, bingwa, na msimu ule hakuna aliyemwona mgongo ila walioachwa nyuma. Nilimpenda waziwazi. Kila mchana nikimaliza bugali wangu, ugali wa kwetu Kongo, nilimpelekea mkono bila kunawa, naye akalamba kiganja kwa ajili ya chumvi ya chakula. Wenzangu walinicheka, wakasema nimeoa mke wa pili.

Farasi wa zizi la pili alitunzwa na Mrundi mmoja, mtu mzima, mpole kupita kiasi. Alikuwa na kichupa cha mafuta ya kujipaka magotini. Upole wake sikuuamini hata kidogo. Akimpapasa bingwa wangu shingoni, macho yangu hayakubanduka mkononi mwake.

Ndipo ikaja barua ya maabara. Bingwa alikuwa ameshinda mbio kubwa, na kwenye mkojo wake wamekuta dawa ya pilipili, ile ambayo walaghai huwapaka farasi miguuni wasisikie maumivu. Ushindi ukafutwa. Bosi akatukusanya, akauliza ni nani. Nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," nikakichomoa kile kichupa kwenye mfuko wa Mrundi.

"Nusa, ndugu yangu," akaniambia. "Ni karafuu tu. Nusa."

Sikunusa. Bosi naye hakunusa. Mzee akafukuzwa siku hiyohiyo, nami nikajiona shujaa.

Baadaye bingwa alistaafishwa, akapelekwa shamba la kuzalisha farasi nje ya jiji. Hakukubali mkono wa mgeni, hivyo nikapelekwa naye. Akazaa. Mchana mmoja mwaka 2018 nilikuwa uani nakula bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, pamoja na pilipili ya mke wangu, maana sisi watu wa Bukavu bila pilipili hatujala. Mtoto wa bingwa akasogea. Nikamnyooshea kiganja. Akalamba mara moja, akakunja mdomo, akapiga chafya, akakimbia. Mama yake akaja, akakilamba kiganja kilekile mpaka kikatakata. Yeye alikuwa amezoea.

Nilivitazama vidole vyangu. Aibu ilinishika.

Nilimweleza bosi. "Eish, hayo yamepita," akasema. "Funga mdomo."

Jumapili nilikwenda Joubert Park, ambako niliambiwa mzee anashona viatu. Mrundi alikuwa kando ya barabara, akishona viatu vya watu. Nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza yote: mchana, mkono, pilipili. Nikangoja anitukane, na nilitaka anitukane.

Aliweka sindano chini. Akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa kama kile, akakifungua, akanisogezea puani.

Safari hii nilinusa. Ilikuwa karafuu.