Mti wa Kupima Moto

Baba mkwe wangu aliapa kwamba hatakanyaga tena pale kwenye kiwanda cha mbao, na miaka yote tuliyoishi naye mtaani Kabeza hakuvunja kiapo. Aliyemtoa nyumbani ni binti yangu. Anakaribia kuolewa, na siku ya posa mtu wa kukaa kwenye kiti cha baba yake ni mzee huyo huyo, maana mume wangu alifia kiwandani mimi nikiwa mjamzito.

"Sogokuru," binti alimwambia babu yake, "siwezi kuolewa kabla sijaona mahali baba alipofia."

Mzee akaomba koti lake.

Siku hizi si kiwanda cha mbao tena, ni bustani ya matembezi. Unalipa getini, unafungwa utepe mkononi kama mgonjwa wa kulazwa, unaingia. Lile sumeno kubwa lililokuwa likisikika mpaka ng'ambo ya bonde limepakwa rangi ya njano, na watu wanapiga nalo picha. Kuna njia za kutembea msituni zenye vibao vya majina ya miti, kuna jumba la mpira lililojazwa upepo la watoto kurukaruka, kuna mishkaki na ndizi za kuchoma. Mimi nilikasirika tangu getini, wala sioni haya kusema. Pale ambapo watu walitolewa wamebebwa, sisi tunauziwa ndizi.

Enzi za kiwanda, nyuma ya mashine lilikuwapo rundo la pumba za mbao, kubwa kuliko nyumba. Pumba zikikaa hushika moto kwa ndani na kuungua kimyakimya miezi na miezi. Juu unaona pakavu, chini ni shimo la makaa. Kwa hiyo wafanyakazi walikuwa na desturi yao. Kabla mtu hajapanda na koleo lake, mkubwa wa kazi alichomeka mti mrefu wa mkaratusi mpaka ndani kabisa, akangoja, akauchomoa, akagusisha ncha shavuni. Shavuni, si kiganjani, kwa sababu viganja vya watu wale vilishaota sugu na havikuhisi kitu. Mkubwa wa kazi alikuwa baba mkwe wangu. Mume wangu alikuwa mpakiaji tu, akijaza pumba kwenye malori.

Tuliambiwa alipanda bila kungoja kupimiwa, akatumbukia kwenye makaa. Wenye kiwanda walisema hivyo, na baba yake hakubisha. Nami niliamini. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, nilikuwa nikijisemea nikiwa peke yangu na mtoto mchanga, na nilimkasirikia marehemu kuliko nilivyomlilia. Binti naye amekua akijua kwamba baba yake alikuwa mtu wa kichwa kigumu.

Rundo sasa limekuwa kilima. Wamepanda nyasi juu yake, na watoto wanateleza kwa vipande vya maboksi. Mzee alisimama chini yake akitweta. Kisha akaichomeka fimbo yake ya kutembelea kwenye nyasi, akaisukuma kwa uzito wote wa mwili, akangoja. Mama mmoja aliyekuwa karibu akawavuta wanawe pembeni. Msichana wa bustani, mwenye fulana ya kijani, akaja haraka.

"Muzee, hapa hakuna shida, iko salama. Batoto banacheza hapa kila siku."

Mzee aliichomoa fimbo, akapangusa udongo, akaiweka ncha shavuni na kufumba macho.

"Imepoa," alisema.

"Ilipoa zamani, Sogokuru," binti alimwambia taratibu. "Twende ukakae."

"Siku ile pia nilisema imepoa."

Msichana wa bustani alituacha. Mzee aliendelea kuongea akikitazama kilima, si sisi.

"Baba yako aliningoja. Alisimama na koleo lake mpaka nikamaliza. Lori lilikuwa linasubiri, dereva anapiga honi. Nikashika ncha kwa mkono, hivi." Akaifumbata fimbo kwenye kiganja. "Nikamwambia panda."

Nilitaka kumpiga. Mzee niliyempikia, niliyemfulia, niliyempeleka hospitali mvua ikinyesha, ndiye aliyeacha mwanawe azikwe na lawama isiyo yake. Na mimi nikaibeba lawama ile nyumbani, nikamlea nayo mtoto. Niligeuka nikaenda getini kutafuta teksi.

Tulirudi kwa teksi. Binti alikaa mbele na dereva. Tulipokaribia Kabeza aliniuliza bila kugeuka, "Mama, kwenye kile kiti atakaa nani?" Mzee alikuwa nyuma pamoja nami, na alisikia.

Jioni nilipika uji wa mtama, maana hata ukimkasirikia mzee lazima ale. Niliumimina kwenye kikombe cha bati ukiwa unachemka, nikakishika kwa kitambaa, nikakiweka mezani. Mzee akakinyanyua kwa mikono mitupu na kukipakata, wala hakukunja uso. Binti alitaka kumsaidia, akakigusa, akaurudisha mkono upesi na kutia vidole mdomoni. Kisha akabaki akiitazama mikono ya babu yake.

"Sogokuru, husikii moto?"

"Sisikii kitu," mzee alisema. "Tangu zamani."

Binti alikichukua kikombe kwa kile kitambaa, akaleta kingine, akawa anamimina uji huku na huku mpaka mvuke ukaisha. Alimrudishia.

"Siku ya posa utakaa wewe," alimwambia. "Lakini kabla hujapokea pombe ya wakwe, utasimama uwaambie kwamba baba yangu alingoja."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akakiinua kikombe, akakigusisha shavuni kwanza, ndipo akanywa.