Buti Zilizofungwa Pamoja

Fsh. Fsh. Fsh.

Brashi.

Saa saba mchana, jua la utosi, na nyuma ya mlango wa kaka yangu brashi inasugua buti. Siku ya tisa mfululizo.

Na kaka yuko likizo.

"Shem, mwenzio hali chakula," shemeji aliniambia kwa sauti ya chini, huku akikunja nguo za watoto. "Anasugua tu."

"Anajiandaa kurudi kazini," nikajibu, kifua mbele. "Simba hachoki."

Akanitazama kama anayetazama sufuria iliyoungua. "Wewe na mashairi yako."

Niwaeleze kidogo. Mtaani naitwa Malenga. Hakuna mwalimu aliyenifundisha vina. Mizani nilijifunza kwa kuhesabu vidole. Kaka aliporudi kutoka vitani, nilisimama kwenye uwanja wa kambi mbele ya maofisa nikaghani beti kumi:

*Simba wetu karejea, jicho lake halilii,*
*Risasi amezoea, hatetemi, hazimii.*

Walipiga makofi hadi vumbi likatimka. Mkuu wa kikosi akaomba nakala. Siku hiyo, ndugu zangu, hata mlango wa kwetu niliuona mfupi.

Kaka hakupiga makofi. Nilidhani ni unyenyekevu.

Basi, brashi ikanyamaza.

Kaka akatoka, akatupita, akaingia bafuni. Mlango wa chumba akauacha wazi.

Nikachungulia.

Sare zimekunjwa mraba kwa mraba. Begi limefungwa. Juu ya begi kuna karatasi, orodha ya kila kitu kwa mwandiko wake: saa moja, mkanda mmoja, picha ya watoto moja. Na buti, zinang'aa kama kioo, kamba ya kushoto imefungwa kwenye kamba ya kulia.

Shemeji alikuwa nyuma yangu. Nguo zikamdondoka.

"Hivyo ndivyo alivyorudishwa Kipaza," akasema.

Kipaza alikuwa mtu wa redio kwenye kikosi chao, rafiki wa kufa na kuzikana wa kaka. Hakurudi mzima. Na kikosi chao kina desturi: askari akifa, rafiki yake ndiye anayesafisha vitu vyake, anaviandika, kisha anafunga buti pamoja ili moja isipotee njiani kwenda kwa familia. Za Kipaza alizifunga kaka.

"Za aliye hai hazifungwi hivyo, shem."

Nikaziinua zile buti.

Kaka akarudi, uso umelowa. Akatuona. Akaziona buti mkononi mwangu.

Nilitafuta maneno ya kuzunguka. Mimi, Malenga mzima, sikupata hata moja. Nikauliza moja kwa moja:

"Kaka, unataka kujiua?"

Akakaa kitandani taratibu, kama mzee.

"Nilitaka nisiwaachie kazi," akasema.

Shemeji akakaa karibu naye, akamshika mkono asiuachie. "Lakini mwezi jana ulikuwa na miadi kwa mshauri nasaha wa kambi. Ukaniambia umekwenda."

"Nilikwenda. Nikafika mpaka kwenye benchi."

"Halafu?"

Akaniinulia macho. Hayakuwa na hasira. Heri yangekuwa nayo.

"Ukutani wametundika shairi lako, mdogo wangu. Kwenye fremu, mkabala na benchi. *Jicho lake halilii.* Na mimi nimekwenda pale kulia. Yule wa mapokezi akanipigia saluti, 'Simba mwenyewe huyo.' Nikamwambia nimepotea mlango."

Kufuli la mlango ule nililitengeneza mimi kwa mikono yangu, tena kwa vina.

Shemeji akapiga simu kwa mkono wa pili. Mshauri, mama mmoja mwenye sauti tulivu, alisema maneno mawili: mleteni sasa, na asiachwe peke yake hata kidogo.

Nikajaribu kufungua fundo la buti, likanishinda. Kaka akalichukua, akalifungua.

"Zivae," nikasema. "Kuna kutembea."

Tulipofika kwa mshauri nilipanda juu ya benchi, nikaing'oa fremu.

"Kijana, hiyo ni mali ya kambi," akasema wa mapokezi.

"Msumari ni wenu. Shairi ni langu."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kaka alicheka. Kidogo, puani, kisha kicheko kikageuka kilio. Mbele ya watu. Wala ukuta haukuanguka.

Ndugu msomaji, ukimpokea askari wako, usimwimbie kabla hujamuuliza analala vipi. Sifa nazo ni mzigo, na mgongo wake umeshabeba.

Mlango wa mshauri ukafunguliwa. Kaka akasita. Nikamshika bega, nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Ingia, kaka. Nitakuwa kwenye benchi hili kila utakapokuja, mpaka utoke. Na sitaandika tena mstari unaokuhusu kabla hujaniambia mwenyewe umeamkaje."