Siku Nilizokataza Watu Kuvuka

Kazi yangu ni kupeleka watu visiwani, na sehemu ngumu ya kazi hiyo ni kuwazuia wasiende. Hapa Bukavu, tangu uwanja wa ndege ufungwe na barabara zibaki matope na vizuizi, ziwa ndilo njia. Anayekwenda Idjwi, au kwenye vile visiwa vidogo ambavyo hata ramani za ofisini huvisahau, anapitia kwangu: daktari, padri, mtu wa mradi, mwalimu, mara mojamoja Mzungu mwenye darubini anayetafuta ndege. Mimi natafuta boti, mafuta, kapteni asiyekunywa asubuhi, karatasi za ruhusa, kitanda cha kule na mama wa kupika. Watu wananiita Maman Logistique. Jina silipendi, lakini nikiitwa hivyo sokoni nageuka.

Sikusomea hali ya hewa. Ninachofanya ni kushuka ku port, bandarini, alfajiri na kutazama upande wa mlima Kahuzi. Mawingu yakikaa juu ya mlima, hayo ni yake. Yakianza kuteremka huku ziwa limetulia kabisa, hapo naanza kuogopa. Natazama pia wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, wale wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu na kuvua usiku kucha. Siku njema utawasikia wanarudi wakiimba. Wakirudi mapema, kimya, bila hata kupiga kelele za bei, mimi nasema leo hakuna safari.

Na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mtu uliyemzuia hana njia ya kujua umemwokoa na nini. Anachojua ni kwamba amepoteza siku, kikao kimempita, na jioni ziwa bado limelala. Nasema ukweli: mara nyingi nilikosea. Niliwazuia watu, halafu jua likawaka siku nzima, na boti nyingine zikaenda na kurudi abiria wakila mihogo. Kila kosa la namna hiyo lilinipunguzia kitu. Mwaka wa kwanza nikisema hapana, watu walirudi nyumbani. Baadaye wakaanza kuniuliza kwa nini. Mwishowe walikuwa wanacheka kwanza, ndipo wanauliza. Nilikuwa naliona jambo hili likija. Nilijua itafika siku ambapo hapana yangu haitamzuia mtu yeyote, na sikujua siku hiyo ziwa litakuwa na hali gani.

Nina mdogo wangu wa kike, wa mwisho kwa mama yetu. Ni muuguzi katika kituo cha afya kusini mwa Idjwi. Ni mwepesi wa kucheka, na tangu utoto haogopi kitu, si mbwa, si askari, si mimi anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa. Kule kisiwani wanawake wanamngoja yeye ndipo wazae, ungedhani mtoto anaweza kuambiwa asubiri kidogo.

Siku moja alikuja mjini kuchukua dawa za kituo. Asubuhi ya kurudi nilimkuta ku port na maboksi yake. Mawingu yalikuwa yameshateremka nusu ya mlima. Wavuvi walikuwa wamerudi zamani, wanakunja nyavu bila kuzungumza. Boti yangu nilikuwa nimeshaizuia, lakini palikuwa na boti kubwa ya mbao, ya wachuuzi, imejaa kreti za bia na magunia, na kapteni wake hasikilizi mtu.

"Leo hauende," nikamwambia.

"Yaya, iko na mwanamuke anangojea kuzaa. Mutoto amekaa vibaya."

"Kesho."

"Kesho atakuwa amekufa. Angalia maji, iko nalala!"

Nilimshika mkono. Akautoa taratibu, akanibusu shavuni mbele ya wapakuzi wote, akapanda. Nilisimama pale hadi boti ikazunguka rasi na kupotea. Kutoka hapo simu zinakatika. Inakuja tu meseji ya mtandao wa ng'ambo inayokukaribisha Rwanda wakati huendi Rwanda. Sikula. Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikaogopa matusi yangu yasije yakamfuata, nikayafuta moja moja kwa salamu Maria.

Saa za alasiri akapiga. Alikuwa anacheka.

"Yaya, tulifika! Hata nguo haikulowana. Na mutoto amezaliwa, iko mwanamume, kubwa hivi. Unaona woga yako?"

Nilifurahi, nikakaa juu ya kreti. Lakini furaha hiyo haikuwa safi. Chini yake kulikuwa na baridi. Wapakuzi walikuwa wanasikia simu. Kufikia jioni port nzima ilikuwa inasimulia: Maman Logistique alimkataza mdogo wake, mdogo wake akavuka, na nguo haikulowana. Hata muuza mandazi alinitania: "Maman, utabiri yako iko na likizo?" Nikacheka naye. Ningefanya nini?

Siku chache baadaye wakaja walimu. Walikuwa wanakwenda kusimamia mitihani kisiwani, na nilikuwa nimewapangia kila kitu: boti, magodoro, hata kuku wa jioni. Mkuu wao, directeur wao, alikuwa baba mmoja mpole, papa kama tunavyosema huku, mwenye tai, suruali imepigwa pasi hadi mstari unaonekana. Asubuhi hiyo mlima haukuonekana kabisa. Ziwa lilikuwa rangi ya sufuria, halitikisiki hata ukingoni. Sikuwaona wavuvi, hawakuwa wametoka usiku huo.

"Papa, leo hapana," nikamwambia. "Tungoje kesho."

"Maman, examen haingojeaka upepo. Tukikosa leo, batoto ba kule batapoteza mwaka."

"Batoto bapoteze mwaka, nyinyi mubakie."

Alitabasamu, kwa heshima kabisa, wala hakuwa na nia mbaya. Akasema neno ambalo nalisikia hadi leo kwa sauti yake ile ya darasani: "Lakini maman, mudogo yako mwenyewe alivuka juzi na mawingu hii hii."

Wenzake wakacheka kidogo. Nikawaambia boti yangu haitoki, na nikamwamuru kapteni wangu ashushe injini. Akaishusha. Wao wakavuka kipande cha port hadi kwenye boti ya mbao ya wachuuzi, wakapanda, na yule papa akakunja miguu ya suruali kwa uangalifu ili isipate maji. Nikapiga kelele. Niliwaita wapumbavu, mimi mwanamke mzima, mbele ya watu. Mwalimu mmoja wa kike, kijana, alinipungia mkono kama mtu anayemuaga shangazi mkali.

Dhoruba ilikuja kabla ya adhuhuri. Ilishuka yote kwa mara moja. Mjini mabati yaling'oka, na kutoka dirisha la ofisi sikuliona ziwa, niliona weupe tu.

Boti ilipinduka ng'ambo ya rasi. Wavuvi wa upande wa kisiwa waliokoa wengine, walioshikilia kreti na madumu. Wengine hawakupatikana siku hiyo. Waliopatikana, wazima na wasio wazima, walipelekwa mahali pamoja tu penye vitanda, kituo cha mdogo wangu.

Alinipigia jioni. Nilidhani atalia, hakulia. Aliongea polepole, na hilo lilinitisha zaidi.

"Yaya, hawa batu balipitia kwako?"

"Walipitia."

"Uliwakataza?"

"Niliwakataza."

"Sasa balikujibu nini?"

Nilisikia nyuma yake mtu anakohoa maji, na ndoo inaburutwa. Nikafikiri juu ya mikono yake, inafanya nini wakati ule, imemshika nani.

"Walisema wana haraka ya mitihani," nikajibu.

Ilikuwa kweli, na haikuwa yote. Ningemwambia nini mtu anayefunika maiti? Ningejibu vilevile tena hata leo. Waliookoka hawakumwambia pia; ama hawakujua kwamba muuguzi huyu ndiye mdogo mwenyewe, ama walijua wakamhurumia.

Nilidhani jambo limefungwa. Kumbe nilikuwa nimemwachia mlango wazi. Mdogo wangu aliomboleza na wenzake, akazika, akarudi kuwa yeye. Na kwa kuwa hakujua, aliendelea kuvuka siku yoyote, na mawingu yoyote. Nikimkataza ananikumbusha kwa kicheko: ile siku si nilivuka? Ile hadithi yake ya nguo zisizolowana akawa anaisimulia kwenye arusi. Nilikuwa nakaa pale na sahani yangu mapajani, nawatazama watu wanavyocheka. Port ilikuwa imebadilika. Sasa nikisema hapana watu wananisikiliza, wananisikiliza hata kupita kiasi. Amebaki mmoja tu asiyesikia, na huyo ndiye nisiyeweza kumzika.

Kisha akaja kumchukua mtoto. Binti yake mdogo alikuwa ameanza kusema, alikuwa amekaa kwangu wiki nzima, na mama yake alitaka kurudi naye. Tulishuka pamoja asubuhi, mtoto mgongoni mwangu. Mlima haukuonekana. Maji yalikuwa rangi ile ya sufuria.

"Leo hapana," nikasema.

"Yaya, usianze."

"Nenda wewe kama unataka. Mutoto umuache."

Akacheka, akanyoosha mikono kumchukua. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya boti. "Kila siku woga. Ile siku ulinikataza, si nilivuka tu?"

Wapakuzi walikuwa wanatazama. Ningeweza kumshika, ningeweza kulia, na asingebaki. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumzuilia, na nilikuwa nimekificha kwa upendo miezi yote ile.

"Ulivuka," nikasema. "Na bale balimu balivuka sababu yako. Nilibakataza. Directeur akanijibu, mudogo yako mwenyewe alivuka juzi. Ndiyo maneno yake. Ndipo bakapanda."

Kicheko hakikuondoka usoni mara moja. Kilibaki pale bila mtu ndani yake. Aliwatazama wapakuzi, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa aliinamisha macho. Hapo alijua kwamba port nzima ilikuwa inajua.

"Tangu siku ile ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ile."

Akatoa mguu kwenye boti. Tulipanda kilima hadi nyumbani, yeye mbele, mimi na mtoto nyuma, na mtoto anauliza kwa nini hatuendi ku maji.

Boti ile ilifika salama. Kapteni alipiga simu mchana kusema ziwa lilikuwa laini njia nzima, mawingu yalipita upande wa Kalehe. Simu yangu ina sauti kubwa. Mdogo wangu alikuwa jikoni anamenya ndizi, na kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Hajarudi kisiwani. Kituo kilituma ujumbe mara kadhaa, kikamtumia hata mwanamke mmoja wa kule amsihi, ambaye mdogo wangu ndiye aliyemzalisha. Mwanamke huyo alilala kwetu akarudi peke yake. Sasa wametuacha. Nasikia kule wanawake wanazaa na yule mama wa kufagia, na kuna aliyezaa akapotea. Mimi ndiye niliyeambiwa habari hiyo, na nimeikalia, kwa maana sina nguvu ya kumpa tena mtu huyo maiti nyingine.

Asubuhi anaamka kabla yangu. Namkuta amesimama nyuma ya nyumba, pale ziwa linapoonekana katikati ya mapaa ya mtaa wetu, Kadutu, amejifunga kitenge, hatikisiki. Juzi mlima ulikuwa wazi hadi kileleni. Wavuvi tuliwasikia hata huku juu, wanaimba. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona asubuhi nzuri kuliko ile. Nikasimama karibu naye.

"Nenda," nikamwambia. "Leo maji iko safi. Nakupatia boti yangu, kapteni yangu, nakusindikiza mimi mwenyewe hadi kule."

Aligeuka akanitazama usoni kwa macho ya mtu anayetaka sana kuamini.

"Uko na hakika, Yaya?"

Watu nimewakataza safari maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifungua kinywa kumjibu ndiyo. Mtoto alikuwa ameamka, anatuita kutoka ndani. Tulisimama pale wote wawili tunatazama ziwa, na mimi sikuwa na hakika.