Drili Iliyokuwa Ikisalimia

Wanaume wa ukoo wa Daigle hawakimbii. Hilo lilijulikana bonde zima la Mto Saint John, upande wa Maine na hata ng'ambo kwa Wakanada, na aliyelijua kuliko wote ni Rosaire, kwa sababu yeye ndiye aliyekatazwa. Alikatazwa akiwa kijana, wiki ile ile waliyomzika kaka yake Aurèle, aliyeanguka ndani ya ghala la viazi akiwa hana hili wala lile, asubuhi yake amekula akashiba na kumtania kila aliyekaa mezani. Daktari alifika amechelewa, akasimama pembeni na baba yao wakanong'ona, kisha akatangaza kuwa ni moyo. Tangu siku hiyo ukoo ukawa na ugonjwa wake.

Mama yao, Alphonsine, alimshika Rosaire mikono yote miwili akamwapisha. Hatakimbia. Hatabeba gunia. Hatapanda kilima bila kupumzika katikati, wala hataendesha gari, asije akazimia kwenye usukani akaua watoto wa watu. Rosaire akaapa. Angefanyaje? Mtu amemwona kaka yake amelazwa juu ya meza ya kuchambulia viazi, midomo imegeuka rangi, halafu abishane na mama yake?

Basi maisha yake yakapangwa hivyo na wengine. Shamba hakupewa, maana shamba linataka mtu wa kubeba. Lorraine Pelletier, msichana aliyekuwa akicheza naye dansi kila Jumamosi, alimwacha yeye mwenyewe, kwa hoja kwamba hataki kumfanya mjane mapema. Watu wakamsifu kwa uungwana wake. Lorraine akalia, akaolewa na dereva wa malori ya magogo, wakahamia kusini. Rosaire akapewa stuli kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mama yake, akawa fundi wa zana za watu, kazi ya kukaa. Sasa ana zaidi ya miaka sitini, mama yake anakaribia tisini, na bado kila asubuhi mama anamuuliza kama amelala vizuri, huku akimtazama kifuani.

Ufundi wake ulikuwa wa kawaida, wa mikono iliyozoea. Na mikono ikizoea sana hufanya mambo bila kumshauri mwenye nayo. Nyumba za zamani za bonde lile zina soketi za matundu mawili, na waya mpya kutoka dukani huja na plagi ya meno matatu. Lile jino la tatu, la mviringo, kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, kabla haujampata mtu. Kina Daigle walikuwa wakilivunja kwa koleo hata kabla ya kuutoa waya kwenye mfuko wake. Baba alilivunja, majirani walilivunja, na Rosaire alikuwa amevunja mengi mno. Hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo.

Septemba hiyo, siku chache kabla shule hazijafungwa watoto waende kuokota viazi, Claudette aliingia kibandani amekumbatia kitu kizito kilichojaa buibui. Huyu Claudette ni binti wa Aurèle. Baba yake alikufa yeye akiwa bado kwenye kitanda cha mtoto, na sasa shamba lote lilikuwa mikononi mwake, yeye na mumewe. Mbao za vizimba vya kuwekea viazi ghalani zilikuwa zimeoza, alitaka kufunga mpya kwa boliti, na drili yake ya betri ilikuwa imekata roho kwenye nguzo ya kwanza. Akapanda juu ya maboriti kutafuta, akaiona ile ya zamani imening'inizwa kule juu kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kuifikia ila kwa ngazi.

"Baba mdogo, hii nayo ni drili au nanga?"

Rosaire aliijua kabla hajaipokea. Mwili wake wote ulikuwa chuma, mkono wake mrefu, na pale waya unapoingilia ulifungwa tepu nyeusi, tabaka juu ya tabaka, hadi shingo ikawa nene kama kifundo cha mguu. Akacheka.

"Hii ya babu yako. Ilikuwa na adabu sana, ilikuwa inasalimia watu."

Akamweleza. Ukiishika ikiwa inanguruma, ulihisi wadudu wanakutembea vidoleni. Mzee alikuwa akisema ndiyo salamu yake, na ukilalamika ulitaniwa mpaka ukome: isipokusalimia, haikujui. Vijana wote wa nyumba ile walisalimiwa, na walijivunia.

"Mimi salamu za vyuma sizitaki," Claudette alisema. "Ona huu waya ulivyochakaa. Niwekee mwingine, nitapita mchana."

Rosaire aliifungua peke yake. Alibandua tepu ya juu, ya plastiki, kisha ya chini yake, na chini kabisa akakuta tepu ya kitambaa, ile ya zamani yenye gundi ya lami, imefungwa kwa haraka, upande mmoja umejikunja. Mpira wa waya ulikuwa umepasuka chini yake, na waya mweusi, ule unaoleta umeme, ulikuwa uchi kabisa. Ndani ya mkono wa drili, kwenye chuma, palikuwa na doa la moshi na tone dogo la shaba iliyoyeyuka ikagandia hapo. Alilikwangua kwa ukucha, halikutoka. Ubaridi ukampita mgongoni, akageuka kutazama kama kuna mtu aliyefungua mlango. Mlango ulikuwa umefungwa. Akajiambia ni uzee wa mashine, akaendelea na kazi.

Waya mpya ulikuwa mnene kuliko wa kwanza. Mpira wa kulinda shingo haukuupokea, akaamua kuuacha. Mweusi aliufunga mahali pake, na mweupe, na wa kijani, ule wa lile jino la tatu. Kifuniko kikakataa kulala. Angeweza kukifungua tena na kuzipanga nyaya upya, na siku nyingine angefanya hivyo, lakini njaa ilikuwa inamuuma na alishasikia sahani za mama yake. Alikikandamiza kwa kiganja, akakaza skrubu mpaka kikatii. Ndani, bila yeye kuona, ukingo wa chuma ukaukata ule waya mweusi palepale penye tone la shaba. Kisha mikono yake ikachukua koleo na kulivunja jino la tatu.

Akaichomeka kujaribu. Drili ikanguruma vizuri, na wadudu wakaanza kumtembea vidoleni.

Hapa ndipo alipokosea kuliko pote: alifurahi. Tangu ujana wake hakuwa amezihisi salamu zile, na zilimletea sauti ya Aurèle na mikono ya baba yake yenye harufu ya udongo. Alikuwa amesimama juu ya mbao kavu, amevaa viatu vya soli nene ya mpira, kwa hiyo drili haikumfanya lolote zaidi ya kumtekenya. "Bado unanijua," akaiambia, akaichomoa.

Claudette alikuja na gari lake la mizigo, akaacha chupa ya achari juu ya benchi kama shukrani, akaichukua drili. Alisema sakafu ya ghala ni matope matupu, mvua za wiki iliyopita zimepenya kwenye kilima, kwa hiyo ataanza na vizimba vya juu kisha ashuke chini. Rosaire akamwambia awe mwangalifu asiteleze.

Mezani mama yake alikuwa amekwishapanga ploye, zile chapati zao za njano zenye vitundu, na siagi. Rosaire aliosha mikono, akakaa, akatafuta leso mfukoni mwa aproni. Waya wa zamani ulikuwa mfukoni humo humo, ameuweka ili aje atumie plagi yake, maana nyumba ile haitupi kitu. Akautoa na kuuweka kando ya bakuli la siagi.

Kisu cha mama kilisimama katikati ya chapati. Macho yake hayakuwa mazuri tena, lakini tepu ile ya kitambaa aliiona.

"Hiyo umeitoa wapi?"

Rosaire akamwambia ni waya wa drili ya baba, Claudette kaishusha kutoka kwenye maboriti, ameshaibadilishia.

"Iko wapi?"

"Kaichukua. Yuko nayo ghalani."

Mama alikiweka kisu mezani.

"Ilikusalimia?"

"Kidogo," Rosaire alisema huku akitabasamu. "Kama zamani."

Mwanamke huyu alimkataza mwanawe kukimbia kwa umri wote wa mtu mzima. Alimkataza kwenye theluji, kwenye mvua, hata siku kibanda cha jirani kilipowaka moto. Sasa alimtazama usoni, si kifuani.

"Kimbia," alisema.

Rosaire hakuelewa. Alibaki ameshika leso.

"Kimbia, Rosaire. Kimbia sasa hivi."

Simu haishiki ndani ya ghala lile, limechimbwa ndani ya kilima na kuta zake ni nene. Gari hakuwahi kuwa nalo. Alitoka na aproni yake, akaikanyaga barabara ya changarawe, na miguu ikaanza kwenda, kwanza kwa aibu, kisha kwa hofu. Njiani ndipo akili ilipoanza kuunganisha. Tepu ile ya kitambaa ilikuwa ya baba, hakuna mwingine aliyeitumia. Ilifungwa haraka, na mtu aliyeambiwa kwamba leo drili inasalimia kwa nguvu, naye akaona aibu kusimamisha kazi kwa kitu alichokuwa akikichekea kila siku. Baada ya mazishi baba aliifunika kwa tepu ya plastiki, tabaka juu ya tabaka, na hakuifanyia kazi tena. Aliitundika juu kabisa, wala hakusema kwa nini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Tone la shaba kwenye chuma. Matope sakafuni. Aurèle amelala chali, mkono umekunjika kama bado ameshika kitu.

Na yeye, Rosaire, fundi, ameivunja jino kwa mikono yake mwenyewe akampa mtoto wa Aurèle.

Katikati ya kilima kuna sanamu ya Bikira Maria, imesimamishwa ndani ya beseni la kuogea lililozikwa nusu. Ndipo alipokuwa akipumzika siku zote. Aliipita. Kifua kilikuwa kinamwaka, masikio yanavuma, na kwa kila hatua alisubiri moyo umkatikie, maana ndivyo alivyoambiwa utafanya. Aliuomba ungoje kidogo tu, umfikishe mlangoni, kisha ufanye utakavyo.

Drili aliisikia kabla hajaliona ghala. Ilikuwa inanguruma ndani ya kilima, sauti nene, ya mfululizo. Maadamu inanguruma na kupumzika na kunguruma tena, alijua kuna mtu mzima anayeishika. Alipofika mlangoni ikanyamaza.

Swichi kubwa iko ukutani, kushoto. Aliivuta chini kwa uzito wa mwili wake wote. Giza likaangukia ghala.

"Claudette."

Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani ndani.

"Claudette," akaita tena.

"Nani kazima taa?"

Rosaire alishika mlango. "Iweke chini hiyo drili. Usishike kitu kingine. Usiguse nguzo."

"Baba mdogo? Wewe? Nilikuwa nashuka. Imeanza kunisalimia kweli hii, nikasema nishuke niikamate vizuri."

Alifungua mlango wote mwanga uingie. Claudette alikuwa amesimama kwenye ubao wa chini kabisa wa kizimba, mguu mmoja ubaoni, mwingine umening'inia juu ya matope. Drili mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooshwa kuelekea nguzo ya chuma, kimebaki kiganja kimoja tu uifikie.

Aliiweka drili ubaoni, akaruka chini, akaja mbio. Hofu aliyokuwa nayo usoni haikuwa ya umeme.

"Umekimbia? Umekimbia kilima chote? Kaa. Kaa chini, usiongee. Moyo wako."

"Mzima."

"Nimesema usiongee."

"Moyo wangu mzima," Rosaire alisema, na pumzi zikamkata kidogo, akangoja. "Na wa baba yako ulikuwa mzima."

Claudette aliitazama drili kule ubaoni. Akatazama matope, na mahali karibu na nguzo ambapo tangu utotoni alikuwa akionyeshwa na watu: hapa ndipo alipoanguka baba yako.

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Bibi yako kaniambia nikimbie."

Claudette alikaa kando yake kizingitini, akamshika kifundo cha mkono, akaweka vidole pale mapigo yanapopita. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu, sawasawa, bila kukosa. Rosaire aliungoja ukatike, kwa mazoea. Haukukatika. Ulikuwa moyo wa mtu ambaye angeweza kubeba magunia, kulima shamba, kucheza dansi kila Jumamosi hadi uzeeni na Lorraine Pelletier. Alilia hapo hapo, na hakulia kwa shukrani. Alilia kwa hasira, kwa sababu mama yake alijua.

Kutoka mlango wa ghala nyumba ya mama inaonekana vizuri kule chini. Alphonsine alikuwa ametoka barazani, ameshikilia ukingo kwa mikono yote miwili, uso ameuinua kilimani. Kwa macho yale asingeweza kujua kama kizingitini ameketi mtu mmoja au wawili. Claudette aliinua mkono kumpungia. Rosaire alibaki ameuweka wake kifuani.