Kiti cha Mtu Mmoja

Shemeji yangu hajawahi kununua hata pampu ya baiskeli, lakini siku tuliyomzika mume wangu nilimkuta amekalia pikipiki yetu, mguu huku na mguu kule, anakula mahindi ya kuchemsha. Hakuwa anaenda popote. Amekaa tu. Watu waliokuja kutuaga walimpitia yeye kwanza, wakampa pole, halafu ndio wakanitafuta mimi.

Niseme kwanza hiyo pikipiki ni ya aina gani. Si hizi za boda unazokuta steji zimefanana zote. Ni ya muundo wa kizamani, ina taa ya mviringo na tangi nono lenye mstari wa dhahabu, na inanguruma taratibu kama mzee anayesafisha koo. Mume wangu aliipenda kupita kiasi, nami nilimcheka sana kwa hilo. Lakini sehemu kubwa ya bei yake ilitoka kwenye cherehani yangu hapa Tulia, na tulipoileta nyumbani alinifundisha kuiendesha. Mimi hushona sare za shule. Huzipeleka Kitui mjini na kwenye shule za pande hizi, na bila pikipiki faida yote huliwa na nauli.

Basi baada ya mazishi ukoo ukafanya kikao. Wanaume walioshiba wali wa matanga walikaa kwenye viti vya kukodi, wakajadili, wakaamua kwamba pikipiki "ifanye kazi." Ati ifanye kazi! Kumbe miaka yote niliyobeba sare ilikuwa likizo? Kazi, kwao, ni shemeji aipeleke steji abebe watu, halafu "amsaidie mama watoto." Shemeji huyo huyo ambaye watoto wake wanalishwa na mkewe anayechuuza nyanya. Nilisema hapana. Mjomba mmoja akanijibu, kwa ule upole unaokera kuliko matusi, kwamba mwanamke akifiwa huwa na hasira, na hasira hupoa.

Yangu haikupoa. Kuanzia siku hiyo shemeji alikuwa anafika uani kwangu kila asubuhi na mswaki mdomoni. Anakunywa chai yangu, anachukua ufunguo, anawasha, kisha ananiita: "Shemeji, panda nyuma nikupeleke sokoni." Woi! Nipande nyuma ya pikipiki yangu mwenyewe! Na nilipanda, kwa kuogopa kelele. Nilikaa huko nyuma nimekumbatia gunia la sare, nikitazama kisogo chake, huku yeye akipungia watu mkono kama mbunge. Nilimdharau. Akaanza kusema "kwetu" akimaanisha kwangu. Akaniambia mwezi ukiisha ataleta jaketi lake la reflekta, tuanze rasmi. Jirani aliniuliza kama sasa amehamia kabisa, na sikupenda vile alivyotabasamu.

Nilijua kwa mdomo siwezi kuushinda ukoo mzima. Kwa hiyo nikasema mama yangu ni mgonjwa. Kwetu nilikozaliwa ni Makueni, upande wa Sultan Hamud, na mama siku hiyo alikuwa shambani anavuna ndengu, mzima kabisa. Niliondoka kabla shemeji hajafika na mswaki wake. Sikuwa na mpango wowote wa maana, nilitaka tu kuiweka pikipiki mbali naye.

Sultan Hamud, kando ya barabara kuu, kuna kibanda kinachouza vipande vya pikipiki zilizokufa. Nilisimama kutafuta kioo cha pembeni. Hapo juu, katikati ya minyororo na magurudumu, kilikuwa kimening'inia kiti cha ngozi, kipana nyuma, chembamba mbele, na chini yake springi mbili nene. Nikauliza mtu wa pili hukaa wapi. Wanaume waliokuwa wanapiga soga hapo wakacheka.

"Mama, hicho hakikufai," mwenye kibanda akasema. "Hicho ni cha mtu hana ndugu."

"Kiteremshe," nikamwambia.

Nilikigeuza nikatazama mshono. Ulikuwa wa mkono, uzi wa nta, sindano imepita kwa umbali ule ule kuzunguka kiti chote. Aliyekishona hakuwa na haraka na hakuwa mjinga. Katika mambo yote ninayosimulia hapa, huo mshono ndio kitu pekee nilichoheshimu.

Fundi wa kuchomelea alikuwa jirani tu. Niliona afadhali yeye, maana fundi wa Tulia angempigia shemeji simu kabla hajalegeza nati ya kwanza. Lakini na huyu naye! Alizunguka pikipiki, akanitazama, akatazama nyuma yangu kule barabarani.

"Mwenyewe ako wapi?"

"Ndiye mimi."

"Namaanisha mwenyewe."

Nikamwambia mwenyewe yuko kaburini, kama anaweza kumngoja basi angoje. Akachukua spana.

Alitoa kiti kirefu cha watu wawili, betri na nyaya zikabaki wazi kama matumbo, ikabidi azifunike kwa kipande cha bati. Mbele, nyuma ya tangi, alichomelea bawaba ya kushika pua ya kiti. Nyuma akachomelea vikalio viwili vya springi. Alikuwa na kiburi kingi kuliko fikira. Bolti ya bawaba aliikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akajipangusa, akasema, "Imeshika hiyo!"

Nikakaa. Ilikuwa kama kukalia jiwe. Springi ziko pale kwa urembo tu, kwa sababu pua haiwezi kucheza.

"Legeza," nikasema.

"Italegea, mama."

"Ndiyo, ilegee! Paka grisi, weka nati mbili zibanane zenyewe, uache bawaba ipumue." Mtu aliyekanyaga cherehani maisha yake yote anajua kwamba kinachobeba mguu lazima kicheze. Nikamwambia akae yeye, maana ana uzito. Alipokaa, kiti kiligonga madigadi ya gurudumu la nyuma ngo! Akaviinua vile vikalio vya springi bila kubishana tena.

Halafu akaniuliza kuhusu vishikio vya kiti cha zamani, vile vyuma vilivyosimama nyuma kwenye fremu, pamoja na vikanyagio vya abiria. Angeviacha, ili siku moja nirudishe kiti cha wawili.

"Kata."

"Nikikata hapa, hicho kingine hakirudi."

"Fundi, kata!"

Grinda ikalia, cheche zikaruka. Hapo alipokuwa anakata ni pale pangu. Mume wangu alipokuwa hai yeye ndiye aliyekaa mbele, na mimi nyuma, shavu mgongoni kwake, mikono ndani ya mifuko ya koti lake asubuhi za baridi. Nililia hapo mbele ya wanaume wa soga, kwa sauti, na sikujali. Mmoja akaniletea soda. Nikainywa, nikamwambia fundi apige rangi pale palipokatwa pasije pakashika kutu.

Njiani kurudi nilienda polepole. Springi zilipokea mashimo ya barabara yote zikanirudisha juu taratibu, na mara kadhaa nilijikuta nacheka peke yangu. Nyumbani nikashona mifuko miwili ya turubai, nikaining'iniza ubavuni kama ya punda, sare zikaingia zote.

Shemeji akafika kesho yake. Alikuwa amevaa reflekta mpya inayong'aa, na helmeti mbili mkononi, yake na ya mteja. Akasimama. Akabonyeza ngozi kwa kidole kimoja, springi zikalia kidogo, akaondoa kidole haraka.

"Shemeji, umefanya nini? Mteja atakaa wapi?"

"Hakuna mteja."

Akainama kutafuta vikanyagio, akapapasa fremu palipopakwa rangi. Mtu mwingine angeapa kumtafuta fundi avirudishe. Lakini namjua, hatengenezi kitu: mlango wa choo cha mama yake hapa kando umelalia bawaba moja tangu mvua zile kubwa, na yeye huupita akiwa ameshika kikombe changu cha chai. Alicheka ili jirani asikie, kisha alipoona jirani amesimama kwenye ua na hacheki, sauti ikamshuka.

"Haya, wacha boda," akasema. "Endesha wewe. Endesha tu, shemeji. Lakini mimi sasa nitakaa wapi?"

Aliuliza kwa dhati. Alikuwa anautazama mlango wangu, si pikipiki.

"Kwako," nikamwambia. "Una nyumba, na una mke."

Akaondoka kwa miguu, helmeti moja kila mkono. Nikafunga lango.